Mkataba na Kibali

Tangu zamani wafanya biashara wa Bara Hindi walizoea kuja Mombasa kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Makuli wa Reli ya Uganda, walioanza kuwasili katika mwaka wa 1896, walikuwa wageni wa namna nyingine: hao waliletwa kwa mkataba. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasoma, mazito kuyachukua: kazi ya miaka 3, rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho, na nauli ya kurudi kwao muda ukiisha.

Walioletwa walikuwa 31,983. Kati yao 16,312 walirudi makwao baada ya kazi, 6,454 walirudishwa kwa maradhi na udhaifu, na 2,493 walifariki. Simba wa Tsavo ndio wanaosimuliwa mpaka leo. Lakini maradhi ndiyo yaliyoua wengi, nayo hayana msimulizi. Waliobaki ni 6,724. Yafaa ikumbukwe, maana kosa hili hurudiwa mara nyingi, kwamba Wahindi wengi wa Kenya si uzao wa makuli hao, bali wa watu waliojilipia nauli wakaja kufungua maduka.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa nchini alikuwa raia mara moja ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Wengine walipewa miaka 2 ya kuomba uraia. Wengi walisitasita, wakashika pasipoti ya Kiingereza kama mtu ashikaye ufunguo wa nyumba asiyopata kuiona. Ikaja sheria ya uhamiaji ya 1967: asiye raia hafanyi kazi ila kwa kibali, nacho ni cha muda tu. Basi karani aliyezaliwa Nairobi akawa mgeni mezani pake mwenyewe. Serikali mpya ilikuwa na haki ya kuwatafutia wananchi kazi. Hata hivyo, uzito wa haki hiyo ulimwangukia yeye.

Akaugeukia ule ufunguo. Uingereza nayo ilikuwa ikibadili kufuli: kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Machi 1968, mwenye pasipoti yake ambaye hakuzaliwa huko, wala mzazi wake yeyote, wala babu au bibi yake yeyote, hakuwa tena na ruhusa ya kuingia apendavyo. Siku chache kabla yake, ndege zilizotoka Nairobi zilijaa. Waliochelewa waliwekewa hati 1,500 kwa mwaka, hati moja kwa kila mkuu wa jamaa, nao wakaanza kungoja.