Mama Ndiye Ngome
Wapo wasemao kwamba mtoto akibebwa kila aliapo atadeka. Msomaji, sikiliza yaliyoonekana Uganda. Katika mwaka wa 1954 mtaalamu mmoja, Bibi Mary Ainsworth, alianza kuzuru vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akawachunguza watoto wachanga 28 na mama zao 26. Akina mama walioweza kumweleza kinaganaga tabia za watoto wao, mara nyingi watoto wao walilia kidogo. Watoto hao walitambaa mbali kuchezea vitu, wakageuka kumtazama mama, kisha wakaendelea bila hofu. Habari hizo alizichapisha kitabuni mwaka wa 1967. Basi, kumwitikia mtoto aliaye si kumharibu: ajuaye kwamba mamaye yupo huthubutu kwenda mbali.