Panadol kabla ya chanjo yaweza kupunguza kinga ya mtoto

Na Mwandishi Wetu, Songea

WAPO wazazi ambao asubuhi ya siku ya kliniki, kabla hawajatoka nyumbani, humnywesha mtoto panadol ya maji. Nia yao ni njema: sindano isimuume sana, na usiku homa isimsumbue.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, halishauri dawa za kunywa za kutuliza maumivu zitolewe kabla ya chanjo wala wakati wa kuchanja. Linaeleza kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba dawa hizo hupunguza uchungu wa sindano. Zaidi ya hapo, na hili ndilo zito, zinaweza kudhoofisha kinga ambayo mtoto amepelekwa kliniki kuipata.

Mjadala huo ulipamba moto mwaka 2009, baada ya jarida la kitabibu la The Lancet kuchapisha utafiti uliofanyika katika Jamhuri ya Czech kwa watoto wachanga 459. Kundi moja lilipewa dozi tatu za paracetamol, ambayo ndiyo panadol, ndani ya saa 24 za mwanzo tangu kuchanjwa. Kundi la pili halikupewa.

Waliopewa dawa walipata homa kwa uchache zaidi. Lakini damu yao ilipopimwa, ilikutwa na kiwango cha chini cha kingamwili dhidi ya vijidudu kadhaa, vikiwemo vya nimonia, dondakoo na pepopunda.

Isieleweke vibaya. Utafiti huo ulipima damu, haukuhesabu wagonjwa, na aina ya chanjo iliyotumika huko si ile ile ya hapa nchini. Mtoto ambaye tayari amekunywa panadol asirudishwe nyumbani bila kuchanjwa. Kukosa chanjo ni hasara kubwa kuliko kupungua kidogo kwa kingamwili, hivyo achanjwe na muuguzi aelezwe.

Utafiti mwingine, uliofanyika Poland na kuchapishwa mwaka 2017, uliongeza jambo la muda. Paracetamol iliyoanza kutolewa wakati wa kuchanja ilipunguza kingamwili dhidi ya vijidudu vya nimonia, lakini athari hiyo haikuonekana kwa watoto walioanza kupewa saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana ushauri si kuipiga marufuku panadol, bali kutoitanguliza. Mtoto akishachanjwa, na homa au maumivu yakamnyima raha, anaweza kupewa kwa kipimo sahihi.

Wapo watakaosema kuwa Uingereza wazazi huambiwa wampe mtoto paracetamol bila kusubiri homa. Ni kweli, tangu mwaka 2015, lakini ni kwa ajili ya chanjo ya uti wa mgongo ya aina B, ambayo huleta homa kali na haimo katika ratiba ya kawaida ya Tanzania.

Hapa nchini chanjo iletayo homa mara nyingi zaidi ni ile ya Penta, inayotolewa katika umri wa wiki 6, 10 na 14. Sehemu yake ya kifaduro hutengenezwa kwa vijidudu vizima vilivyouawa, na joto la mwili huweza kupanda siku hiyo hiyo au kesho yake. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa katika miezi 9 na 18, ina tabia tofauti: homa yake huja kati ya siku ya tano na ya 12, wakati mzazi ameshasahau kabisa habari ya sindano.

Hapo ndipo penye hatari kwa mkoa kama Ruvuma, ambako malaria ingali tishio kwa watoto. Mama akiamini kila homa ni ya chanjo, atampa panadol, joto litashuka, naye atatulia wakati vimelea vinaongezeka katika damu. Panadol hushusha homa, haitibu malaria. Homa inayozidi siku mbili, au inayozuka wiki moja baada ya chanjo, ipelekwe zahanati ikapimwe kwa kipimo cha haraka cha malaria.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, yaani yule wa Penta ya kwanza, hata siku mbili zisisubiriwe. Miongozo ya WHO huhesabu joto la nyuzi 37.5 au zaidi katika umri huo kuwa dalili ya hatari. Arudishwe kituoni siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa umri wowote akipata degedege, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea.

Kuhusu kipimo, Ruvuma ina historia yake. Ni mkoa huu uliochaguliwa mwaka 2003 kuwa wa kwanza kujaribu maduka ya dawa muhimu, yenye wauzaji waliopewa mafunzo, kabla ya mpango huo kuenezwa nchini. Muuzaji wa duka hilo aulizwe, naye aambiwe uzito wa mtoto ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Dozi ya paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo tano anahitaji miligramu 50 hadi 75 kwa mara moja. Anayemkatia nusu ya kidonge cha mtu mzima, chenye miligramu 500, anampa 250, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu. Dawa hiyo ikizidi huharibu ini. Aspirini asipewe kabisa.

Kwa uchungu wa sindano, WHO inapendekeza kunyonyesha wakati wa chanjo au muda mfupi kabla yake, na mtoto apakatwe badala ya kulazwa kitandani.

Na kwa baridi ya Songea ya Juni na Julai, mtoto mwenye homa asirundikiwe mablanketi. Nguo moja nyepesi na shuka vinamtosha, huku akinyonyeshwa mara kwa mara.