Mabibi Wawili wa Lamu

Lamu ni mji mdogo, na ni mji wa dini. Hayo mawili mwenyeji na mgeni hawabishani. Misikiti yake ni zaidi ya 20, na mtu akitoka mmoja huwa hajamaliza kuvaa viatu vyake ameshaufikia wa pili. Mwaka 2001 mji mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na tangu kabla ya hapo yameandikwa mengi juu ya masheikh wake, misikiti yake na milango yake ya nakshi. Yaliyoandikwa kidogo ni yale yaliyohifadhiwa vifuani mwa mabibi, waliokuwa wasichana wa mji huo baina ya miaka ya 1920 na 1940. Nao, wakisikilizwa vyema, hawasimulii mji mmoja.

Bibi wa Mkomani, mtaa wa kaskazini wenye nyumba za mawe, hukumbuka utoto wa ndani. Nyumba ilimtosha kuwa dunia: misana yake, chumba cha ndani chenye zidaka zilizopangwa sahani za Kichina, na wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kikaunga nyumba mbili, jamaa wa kike wakatembeleana bila ya kukanyaga mchanga. Kurani aliisoma nyumbani kwa mwalimu wa kike, ubao mapajani. Kusoma alifundishwa, kuandika, wapo wazee waliosita, wakihofia barua ambayo baba hatoiona. Kwa mama yake alisikia habari za shiraa, lile hema la kitambaa lililobebwa kwa miti na watumwa, bibi mwenye nyumba akitembea katikati asionekane na mtu. Huihadithia shiraa kama heshima iliyopotea.

Bibi wa Langoni, upande wa kusini, ana hadithi yake. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti, na majirani zao walikuwa wavuvi, Wangazija, Wahadhrami wageni na watu waliotoka utumwani. Nyanya yake yeye hakutembea ndani ya shiraa. Alishika mti wake. Sheria ilipoufuta utumwa katika pwani hiyo mwaka 1907, mashamba ya ng'ambo, barani, yalikosa wa kuyalima, majumba mengine ya Mkomani yakakosa wa kuyatengeneza, na shiraa ikakosa wa kuibeba. Buibui likashika mahali pake. Vazi lile jeusi lilivaliwa na wa mawe na wa makuti, na njiani ikawa si rahisi tena kumjua mjukuu wa nani ni yupi.

Hata utenzi mmoja waliusikia kwa masikio mawili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa dini na wa unyumba, na wanawake wa visiwa hivyo wakaurithishana kwa moyo na kwa nakala za hati za Kiarabu, miaka mingi kabla ya Alice Werner na William Hichens kuuchapisha mwaka 1934. Msichana wa Mkomani alisikia humo sauti ya mama anayeaga. Lakini wasia huohuo unamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Msichana wa Langoni alipofika hapo alijua anayesemwa ni nani. Uzuri wa utenzi haupungui kwa hilo, wala uchungu wa aliyesemwa haupungui kwa uzuri wa utenzi.

Dini iliwakutanisha, lakini si bila ya mvutano. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akiwa kijana, alikaa Langoni na kuwasomesha watu ambao hapo kabla milango ya elimu haikuwafungukia. Kwenye mwaka 1900 hivi ukasimama huko Msikiti wa Riyadha. Maulidi aliyoyatunga Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut yakasomwa hapo kwa matari, na baadhi ya wakubwa wa mji wakachukia kusikia ngoma ikiingia katika ibada. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, maulidi yake yakiwa yameshavuka bahari. Kwa msichana wa Langoni, Mfungo Sita ulikuwa mwezi ambao mji mzima ulikuja mtaani kwao. Kwa msichana wa Mkomani, ulikuwa mwezi wa kuomba ruhusa ya kwenda.

Wengi wa rika hilo wameshatangulia mbele ya haki. Watafutao kumbukumbu za Lamu aghalabu humwendea bibi wa nyumba ya mawe, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyosifiwa na nasaba yake ndiyo iliyoandikwa. Mwenziwe hana hati wala zidaka. Ana ulimi tu, na ulimi huzikwa na mwenyewe. Wote wawili waliamshwa na adhana ileile ya alfajiri. Atakaye kuujua mji ulioamka pamoja nao na apige hodi Mkomani, kisha asirudi bandarini kabla hajafika Langoni.