Bepari Mmoja, Mabepari Wengi

Mwaka wa 1969 Oxford University Press ilichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya ile komedi ya Shakespeare kuhusu deni na ratili ya nyama ya mtu. Kichwa cha Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja tu, Antonio. Nyerere akaweka wingi. Neno bepari lilitoka Gujarat likimaanisha mfanyabiashara, basi. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa la juzijuzi tu, 1967, na bepari tayari lilikuwa tusi. Mimi huo wingi naupenda: Antonio mwenye meli na Shylock mwenye riba wanaingia kizimbani pamoja.

Kwa sababu nani alimfanya Shylock awe mkopeshaji? Mwaka wa 1516 serikali ya Venice iliwafungia Wayahudi kwenye kisiwa kimoja kilichoitwa Ghetto. Ndiyo, gheto letu lilitoka huko. Usiku malango yalifungwa. Hawakuruhusiwa kumiliki ardhi, wakabakiziwa kazi chache, kama kukopesha na kuuza mitumba. Halafu wakachukiwa kwa kukopesha! Huko London, Shakespeare akiandika karibu 1596, Wayahudi walikuwa wameshafukuzwa Uingereza tangu 1290. Wengi waliokuja kucheka hawakuwa wamewahi kuishi jirani na Myahudi.

Sasa shuka tao kutoka Satellite, tembea hadi Biashara Street, si mbali na Jeevanjee. Zamani iliitwa Bazaar Street, mtaa wa maduka ya Wahindi. Mwaka wa 1923 serikali ya Uingereza ilisisitiza kwamba mashamba ya nyanda za juu za Kenya ni ya wazungu. Mhindi hangeweza kununua shamba huko, kwa hivyo wengi walibaki na duka. Baadaye duka lenyewe likawa kosa. Sheria za 1967 za leseni za biashara na uhamiaji ziliwabana wasiokuwa raia, na maelfu wakafunga virago. Machi 1968 Uingereza nayo ikawawekea vizuizi, hata wenye pasipoti yake. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka.

Kortini, Shylock anaachiwa uhai kwa masharti, mojawapo ati awe Mkristo. Hiyo ndiyo inaitwa huruma. Anasema hajisikii vizuri, anaomba kwenda zake. Kitendo cha tano wenzake wako Belmont, mbalamwezi, muziki, utani wa pete, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama mzee alifika nyumbani.