Kutoka Maji Maji Mpaka Mkutano wa Tabora

 Ninyi wa Mbekenyera, somo la leo linaanzia mlangoni kwenu. Kabla hatujaendelea, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: baraza, kura, kususia, mgomo. Aliyekwisha kuyasoma amsaidie jirani yake.

Tuanze na habari ambayo wengi wenu mmesimuliwa na wazee. Mwezi wa Julai mwaka 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia watu dawa ya maji, akisema kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Wadachi walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, lakini walikuwa wamechelewa. Vita vilitapakaa Liwale, Umwera, Masasi, Mahenge, mpaka Ungoni. Misheni ya Nyangao, mnayoipita mkienda Lindi, ilishambuliwa na kuharibiwa.

Mtu asiwacheke babu zetu wale. Walichapwa viboko, walitozwa kodi, walilimishwa pamba huku mashamba yao ya chakula yakimea magugu. Tena walifanya jambo ambalo Wadachi hawakulitazamia. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro na Wangoni walishika neno moja, ingawa baadhi yao walikuwa wametekana na kuuana miaka michache tu nyuma. Umoja ule ulikuwa wa kweli. Kilichowaangusha ni bunduki, na baada ya bunduki, njaa.

Njaa ile nataka muielewe vizuri, kwa sababu haikuletwa na ukosefu wa mvua. Wadachi walichoma vijiji na maghala, wakaharibu mazao shambani, wakijua kwamba mtu asiye na chakula hawezi kupigana. Vita vilikwisha mwaka 1907. Hesabu ya Wadachi wenyewe ilisema wamekufa watu 75,000. Wanahistoria wengine wanafikisha 250,000 na hata 300,000. Waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto ambao hawakushika mkuki hata siku moja.

Sasa turuke karibu miaka hamsini. Wadachi wameondoka, Mwingereza anatawala. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kinaundwa Dar es Salaam, na Julius Nyerere ndiye rais wake. Chama kinataka uhuru. Wajumbe wake wanapofika vijijini, wazee wanawauliza swali moja: Tutamshindaje Mwingereza, nasi hatuna bunduki? Je, mnataka kuturudisha katika Maji Maji? Mwalimu Nyerere mwenyewe alieleza baadaye kwamba kazi ya kwanza ya TANU ilikuwa kuwafahamisha watu kwamba iko njia nyingine ya kupigania haki, isiyomwaga damu, na kwamba njia hiyo yaweza kushinda.

Lilikuwa swali la haki kabisa. Jirani zetu wa Kenya walikuwa katika vita vya Mau Mau tangu mwaka 1952, na maelfu walikuwa wakifa.

Lakini njia hiyo nyingine ni ipi? Mfano ulikuwapo tayari. Mwishoni mwa mwaka 1951 Serikali iliwafukuza Wameru kama 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto mbele ya macho yao. Wameru hawakurusha mishale. Walikaa baraza, wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma mtu wao, Kirilo Japhet, mpaka Umoja wa Mataifa kule New York, akawaeleze wakubwa wa dunia yaliyotendeka. Hawakurudishiwa ardhi siku ile. Hata hivyo dunia ilisikia, na watu wa Tanganyika walijifunza kwamba shilingi za wakulima, zikiwekwa pamoja, zaweza kumsafirisha mtu mpaka ng'ambo kusema neno la wote.

Sasa tufike Tabora, Januari 1958. Mwingereza amekubali uchaguzi, lakini ameuwekea masharti magumu. Ili upige kura yakupasa uwe na umri wa miaka 21, tena uwe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu iliyotakiwa, au kazi ya namna fulani. Mkulima wa Mbekenyera angezipata wapi shilingi 3,000? Kisha kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Watu waliiita kura tatu. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu maelfu tu, lakini viti vyao sawasawa!

Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa na sababu. Walitaka kuususia uchaguzi. Kususia maana yake ni kukataa kwa makusudi kushiriki katika jambo. Wengine walitaka baada ya hapo uitishwe mgomo wa nchi nzima. Mwalimu Nyerere naye hakuipenda kura tatu, lakini aliona hatari. TANU ikikaa nje, viti vitachukuliwa na watu wengine. Na mgomo wa nchi nzima, Serikali yaweza kuujibu kwa askari. Damu ikimwagika, uhuru utasogea mbali.

Walibishana siku kadhaa. Hapa ndipo napenda msimame kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupita upesi. Rais wa chama hakupiga meza na kusema, Nimeamua. Alikaa akasikiliza, akajibu hoja kwa hoja, na watu wakasema mpaka walipochoka. Mwishowe wakapiga kura, na wengi wakakubali kuingia katika uchaguzi. Uamuzi ule umepewa jina la Uamuzi wa Busara. Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaunda chama chake.  Mwaka 1962 alishindana na Mwalimu Nyerere kugombea Urais, akashindwa, na baadaye alirudi TANU.

Matokeo yake? Uchaguzi ulifanywa kwa sehemu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU iliwaunga mkono Waafrika, Waasia na Wazungu waliokubaliana na siasa yake, na watu wake wakashinda. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, bila vita.

Msidhani kwamba njia hii ni ya watu waoga. Mwaka 1958 watu wa Geita walioyakataa mabaraza ya mchanganyiko waliandamana mpaka Mwanza, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Walirudi makwao macho yakiwawasha, lakini Serikali ikaacha kuwalazimisha watu kuwa na mabaraza hayo.

Sasa kazi ya darasa. Tuseme ng'ombe wa mfugaji wameingia katika ufuta wa mkulima, na vijana wamekwisha kushika marungu. Kaeni kama baraza. Mmoja awe mkulima, mmoja mfugaji, mmoja mwenyekiti wa kijiji, na akina mama wapewe nafasi ya kusema mapema, si mwishoni watu walipochoka. Mwenyekiti asiamue mpaka kila upande umekwisha kusema. Mkipatana, semeni pia ni kazi gani mtakayoifanya pamoja kesho yake, kama kufungua njia ya ng'ombe kwenda majini, na nani ataleta majembe.

Kisha kila mmoja aandike katika daftari lake sentensi tano juu ya yale mliyopatana. Asiyeweza tano aandike mbili. Mwalimu azisome kwa sauti somo lijalo, na yale ambayo hamkupatana nayo ayaandike ubaoni.