Usia wa Wazee Wetu Uko Wapi? Kutafuta Historia ya Jamaa Katika Karatasi za Wakati wa Koloni



Mara kwa mara, matanga yakiisha, jamaa fulani hutujia sisi wachungaji hapa Lubumbashi na swali moja: nkambo wetu aliacha nini, na alimwachia nani? Wanafikiri kuna usia uliofungiwa katika ofisi fulani tangu wakati wa Wabelgiji. Mara nyingi usia huo haupo. Lakini hiyo haina maana kwamba hakuna kilichoandikwa. Hapa tunaonyesha mahali pa kutafuta, namna ya kusoma kinachopatikana, na hatari moja ya kuepuka.

Kwa nini usia ni haba

Sheria ya koloni haikuwahesabu watu wote sawasawa. Mzungu aliweza kuandika usia kufuatana na sheria ya kiraia, na akifa Kongo, mali yake iliandikwa na kufuatiliwa na serikali mpaka kwa warithi wake. Mtu mweusi aliwekwa chini ya desturi ya kabila lake. Mirathi yake ilikatwa na wazee wa jamaa, au na tribinali ya wenyeji. Ni wachache sana walioandikishwa chini ya sheria ya kiraia, wale walioitwa immatriculés, hata baada ya dekreti ya 17 Mei 1952. Tena ni dekreti ya mwaka 1953 iliyowafungulia Wakongomani njia ya kumiliki kiwanja cha mjini kwa jina lao wenyewe.

Kwa hiyo anayetafuta neno "usia" peke yake atarudi mikono mitupu. Tafuta kifo, ndoa, watoto na kazi. Hapo ndipo wazee wetu waliandikwa.

Mahali pa kutafuta

*Faili ya kazi.* Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920 iliwakaza wafanyakazi wakae kambini na wake zao na watoto wao; wengi waliletwa kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Mfanyakazi alikuwa na namba yake, matrikule, na faili yenye kijiji chake, shefu wake, teritwari, mke na watoto. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ametumia faili hizo kuandika historia ya jamaa za wafanyakazi. Mrithi wa kampani ile ni Gécamines. Mrithi wa reli ya BCK ni SNCC. Kabla ya kwenda kuuliza, tafuta matrikule katika karatasi za zamani nyumbani: buku ya kazi, karatasi ya pensheni, medali. Ukiwa na namba hiyo, kazi ya anayekutafutia inakuwa nyepesi.

*Tribinali.* Dekreti ya mwaka 1926 ilipanga tribinali za wenyeji, na ile ya 1931 ikaanzisha miji ya watu weusi iliyoitwa centres extra-coutumiers. Élisabethville ilikuwa na mji wa namna hiyo pamoja na tribinali yake, na humo mashauri ya mahari, wajane na mirathi yalikatwa. Tangu mwaka 1933 gazeti la sheria lilitolewa papa hapa mjini, *Bulletin des juridictions indigènes et du droit coutumier congolais*, lenye hukumu nyingi za namna hiyo. Pengine hutamkuta nkambo wako humo. Lakini utaelewa jinsi shauri la mtu kama yeye lilivyokatwa.

*Kanisa.* Arnot alifika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1886. Burton na Salter walianza kazi Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka 1915. Wametodisti nao walikuja Katanga mwanzoni mwa karne ile. Popote injili ilipofika, madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi yaliandikwa. Uliza parokia ya kwanza ya mzee wako, si ile aliyozikiwa tu. Barua na ripoti za wamisionari zilitumwa pia kwa makanisa yao huko Ulaya na Marekani.

*Ubelgiji.* Karatasi nyingi za serikali ya koloni ziko Brussels. Zile zilizokuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje zimekabidhiwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Jambo hili linawagusa hasa ndugu zetu machotara walioondolewa kwa mama zao wakiwa watoto. Tarehe 4 Aprili 2019, Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa jina la Ubelgiji, na hifadhi hiyo inawasaidia kutafuta asili yao. Kwa baadhi yao, faili ya baba Mzungu inaweza kuwa mahali pekee jina la mama lilipobaki.

*Zanzibar.* Jamaa za Maniema na Tanganyika zenye ukoo wa pwani zisisahau kisiwa hicho. Huko, chini ya Waingereza, mirathi iliandikwa mahakamani, hata ya watu waliokuwa watumwa zamani. Mtafiti Elisabeth McMahon ametumia faili hizo kuandika juu ya Pemba.

Namna ya kusoma

Kwanza, majina yamebadilika. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwaondolea watu majina ya kikristo. Aliyeandikwa Joseph mwaka 1950 huenda hana Joseph tena katika karatasi za 1975. Miji pia: Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Costermansville ni Bukavu, Stanleyville ni Kisangani.

Pili, karani aliandika alivyosikia. Jaribu L mahali pa R, na jina lenye Mu- bila Mu-.

Tatu, kumbuka kupyana. Kwa Wabemba na majirani wao, aliyemrithi marehemu alichukua jina lake na mahali pake katika jamaa. Jina moja linaweza kuwa la watu wawili. Tena kwa Wabemba na Walamba ukoo hufuata mama, basi mrithi aliyeandikwa anaweza kuwa mtoto wa dada. Usiseme haraka kwamba watoto walinyang'anywa.

Hatari ya kuepuka

Karatasi hizi zinataja kabila na kijiji cha asili. Sisi wa Katanga tunajua neno hilo linaweza kuzaa nini. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, ingawa wengi walizaliwa huku. Basi faili ya nkambo isitumiwe kumwambia jirani kwamba yeye ni mgeni. Tena isitumiwe kumtoa mjane nyumbani. Katika Hesabu 27 binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa kuomba urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya mirathi, na mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi. Karatasi ya zamani inafundisha historia. Haifuti haki hiyo.

Tuanze nyumbani

Ezra 2 inataja watu waliotafuta majina yao katika orodha ya vizazi wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Yeremia 32 inaonyesha njia nyingine: nabii alinunua shamba, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaagiza itiwe ndani ya chombo cha udongo idumu siku nyingi.

Kila parokia ichague mtu mmoja wa kutunza madaftari mbali na maji na mchwa, na kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Kila jamaa iketi na wazee wake kabla hawajalala, iandike majina, vijiji, matrikule na ndoa. Na wewe uliye na kiwanja, watoto na mke, andika usia wako sasa, ukiwa na afya. Wajukuu wako wasilazimike kukutafuta katika faili za wengine.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.