Unene wa Sauti ya Gitaa

Mji wa Babati umeketi njiani. Barabara itokayo Arusha, baada ya kilometa 170 hivi, hufika chini ya mlima Kwaraa, karibu na ziwa lenye viboko, ikagawanyika: tawi moja huelekea Singida, la pili Kondoa na Dodoma. Mji wa namna hii hauna haja ya kuufuata muziki; muziki huujia juu ya magari. Usiku mmoja nilisimama kando ya dirisha la ukumbi mmoja mjini humo, bendi ndogo ikipiga ndani: ngoma, kinanda cha umeme, besi, na gitaa moja tu. Sauti ya gitaa hilo ilikuwa imejaa kama sauti ya mtu anenaye ndani ya mtungi. Katikati ya wimbo wa nne ikanywea ghafula. Gitaa lilikuwa lile lile, mpigaji yule yule, wala spika haikuguswa na mtu. Bali kisanduku kidogo kilichokuwa chini ya mguu wa mpigaji kilikuwa kimeishiwa na betri. Wachezaji hawakuacha kucheza, lakini wengi waligeuza nyuso kutazama jukwaani.

Kisanduku hicho ni busta, yaani kikuza sauti kikanyagwacho kwa mguu. Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza swali moja la historia. Kabla kisanduku hiki hakijafika kwetu, magitaa ya nchi hii yalipata wapi unene wake? Maana unene yalikuwa nao. Ye yote aliyesikiliza santuri na kanda za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 hawezi kulikana jambo hilo.

Yafaa neno lenyewe litazamwe kwanza. Katika Kiswahili, sauti nene ni sauti ya chini, kama ya mzee. Sauti nyembamba ni ya juu, kama ya mtoto. Mpiga gitaa asemapo unene hana maana hiyo. Ataka sauti ile ile, iwe ya juu au ya chini, iwe na nyama juu ya mfupa. Ikae hewani, isikatike mara tu kidole kiondokapo.

Nyama hiyo hupatikana hivi. Sumaku zilizo chini ya nyuzi hugeuza mtetemo kuwa umeme mdogo sana, aghalabu sehemu tu ya volti moja. Umeme huo huenda kwenye amplifaya, na kila amplifaya ina kiwango chake. Ikipewa zaidi ya kiwango hicho, wimbi la sauti hukatwa vilele. Uzi utetemao mara 110 kwa sekunde hubeba pia sauti ndogo za mara 220, 330, 440 na kuendelea. Katika sauti safi hizo ni nyonge, lakini vilele vikikatwa hupata nguvu, na sikio huhesabu sauti nyingi mahali pa moja. Tena, kwa kuwa kilicho kikubwa kimekatwa na kilicho kidogo kimeachwa, sauti hufifia polepole zaidi. Busta haina hila kupita hapo: huukuza umeme wa gitaa kabla haujafika kwenye amplifaya, ili amplifaya ilemewe. Ikiwa amplifaya ni kubwa na ina nafasi tele, busta huongeza ukelele tu, na ukelele si unene. Wapigaji wengi wamenunua kisanduku hiki wakidhani ni kimoja.

Ulaya na Marekani, jambo hili lilianza kama ila. Mwaka 1961 ulisikika wimbo wa Marty Robbins, mwimbaji wa Marekani, ambamo gitaa la besi la Grady Martin lilikwaruza kwa sababu chombo cha kurekodia mjini Nashville kilikuwa kimeharibika. Watu walipenda mkwaruzo ule, na mwaka 1962 kiwanda cha Gibson kikauza kisanduku cha kuutengeneza kwa makusudi. Katikati ya miaka ile Uingereza ilipata Rangemaster, iliyokuza zaidi sauti za juu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mike Matthews wa New York alitoa LPB-1, kijisanduku chenye transista moja na swichi moja, kilichoweza kuukuza umeme wa gitaa yapata mara kumi. Aliyekibuni ni Bob Myer, mhandisi wa Bell Labs, nyumba ile ile ambamo transista ilivumbuliwa mwezi wa Desemba 1947. Yasemekana Myer hakukusudia kukiuza. Alikiweka mbele ya chombo kingine alichokuwa akikijaribu, kwa kuwa umeme wa gitaa ulikuwa haba. Matthews alipokijaribu kwa amplifaya yake akaona mali iko wapi.

Sasa turudi katika barabara yetu. Ile ipitayo Babati ni kipande cha njia ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, na sehemu yake nyingine hupita Zambia. Huko, katika miaka ya 1970, vijana wa miji ya shaba walivinunua visanduku vya kukwaruza sauti wakavipenda kupita kiasi. Bendi ya WITCH, bendi ya Amanaz, na baadaye Paul Ngozi, walipiga magitaa yaliyonguruma kama mashine za mgodini. Shaba ilikuwa na bei, na fedha ya kigeni ilipatikana, hata bei ilipoanguka katikati ya miaka ile.

Upande wetu wa barabara hali ilikuwa nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi kubwa nyingi zilikuwa chini ya vyama na idara za umma. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilifuata mwaka 1971 chini ya vijana wa TANU. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri au ya tajiri, si ya mpigaji. Vilitoka ng'ambo kwa fedha ya kigeni ambayo, hasa baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, ilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Mpigaji hakuweza kutegemea kisanduku. Alichoweza kutegemea ni mpigaji mwenzake.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo lilipo jibu. Bendi ya dansi ilikuwa na gitaa la solo, gitaa la rizimu na gitaa la besi, na mara nyingi solo la pili liliingia kati yao. Kila moja lilikuwa na sauti safi, na pengine nyembamba. Lakini rizimu ilijaza nafasi ambazo solo liliacha, na solo la pili likajibu palipokuwa na kimya, hata msikilizaji akasikia kitu kimoja kinene kisichokuwa na mshono. Wanafunzi wameniuliza ni kisanduku gani kilichotumika katika kanda zile. Mara nyingi jibu lake ni jina la mtu.

Mfano hauko mbali na Babati. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Peter Kinyonga waliondoka Tanga, ambako walipiga katika Jamhuri Jazz, wakaja Arusha na kuunda Arusha Jazz. Babati wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 tu. Mwaka 1971 walivuka kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, wakatoa wimbo uitwao Sina Makosa. Msomaji ausikilize tena wimbo huo kwa sikio la fundi. Solo la John Ngereza ni safi kama maji ya kisima. Unene wote umo katika rizimu ya Omari Shabani, aliyeitwa Profesa, na besi ya Tom Malanga, iliyojua kunyamaza mahali pake. Ukiiondoa rizimu ile, wimbo hubaki mifupa.

Wala nisidhaniwe kuwa nasema Mwafrika hupenda sauti safi tu. Kusini mwa Babati, katika barabara ile ile, wako Wagogo, na ilimba yao haipigwi tupu: ubao wake hutobolewa na tundu likafunikwa kwa utando wa buibui, ili kila ufito wa chuma ukiguswa uvume. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliichukua ilimba hiyo hata majukwaa ya Ulaya. Utando ule hufanya kazi iliyo jirani na ile ya busta, kwa maana huziongezea sauti wenzi zisizokuwa nao. Mjini Kinshasa, bendi ya Konono No. 1 iliipitisha likembe katika vipaza sauti vilivyoundwa kwa sumaku za magari makuukuu, na mkwaruzo uliotokea hawakuuondoa. Ladha ilikuwapo zamani. Katika dansi letu ladha hiyo iligawiwa watu watatu au wanne badala ya kutiwa ndani ya kisanduku.

Tangu miaka ya 1990 bendi nyingi zimepungua watu. Kinanda cha umeme kimechukua mahali pa tarumbeta na mara nyingi mahali pa rizimu pia, na ujira ugawanywao kwa watu wanne hauwezi kugawanywa kwa kumi. Simlaumu mwenye bendi. Hesabu yake naijua. Wala busta si adui: mpiga solo ahitajipo kusimama juu ya wenzake kwa beti mbili, haiko njia iliyo nyepesi kuliko hiyo. Hasara iko kwa kijana ambaye zamani angeanza kwenye rizimu, akajifunza kusikiliza kabla ya kusikilizwa. Kiti hicho hakipo tena katika bendi nyingi za miji midogo.

Usiku ule wa Babati, betri ilipokwisha, mpiga kinanda alimtazama mwenzake, akaacha kupiga sauti ndefu alizokuwa akizipiga, akaanza kukatakata kwa mkono wa kushoto, hapo hapo ambapo gitaa lilikuwa likipumua. Gitaa lenyewe halikuongeza nguvu. Wachezaji wakageuza tena nyuso zao wakatazamana. Wimbo ulipokwisha kijana yule alitoka nje kutafuta betri ya volti 9, akapita maduka matatu, akayakuta yote yamefungwa, akarudi ndani na kisanduku chake mfukoni.